Mashine Muuaji Haitaki Pesa Nyingi

Nina udhaifu wa filamu za mashine zinazoua watu, hasa zile zilizotengenezwa kwa pesa za kuungaunga. Zile ambazo ukikaza macho unaona waya, na mlipuko mmoja unaoneshwa mara mbili kutoka pembe tofauti kwa sababu bajeti ilitosha kulipua gari moja tu. Watu huniuliza kwa nini sijishughulishi na za kisasa, zenye majeshi ya roboti yanayobomoa miji mizima. Natazama, mbona. Ila zikiisha sijaogopa kitu, na kufika asubuhi nimeshasahau nani alimpiga nani. Hizi za bei poa ndizo hunifanya niitazame mashine ya kufulia kwa jicho la pembeni.

Nimefikiri sana kwa nini iwe hivyo, na jibu langu ni hili. Muuaji wa kibinadamu ni mzigo kwa mwandishi. Lazima awe na kisasi, wivu, utoto mbaya, mama aliyemkataa. Jini naye anataka historia: nani alimfunga, nani amemfungua, dawa yake ni nini. Mashine haina haja na lolote kati ya hayo. Iliwashwa, ikaambiwa ua, inaua. Ukishasema hivyo umemaliza nusu ya muswada. Na filamu isiyo na pesa nayo iko vivyo hivyo: haiwezi kufanya mambo kumi, inaweza jambo moja. Mashine ya kazi moja na filamu ya wazo moja zinaelewana kiasi kwamba wakati mwingine huwezi kujua ipi imeibeba nyingine.

Chukua Duel, iliyooneshwa kwenye televisheni ya ABC nchini Marekani mnamo Novemba 1971. Mwongozaji alikuwa kijana wa miaka 24 aitwaye Steven Spielberg, na alikuwa na takribani wiki mbili za kupiga picha. Kisa unaweza kumsimulia mtu mkiwa mnasubiri lifti: mwanamume ndani ya gari dogo jekundu analipita lori kuukuu la mafuta kwenye barabara ya jangwani California, na lori linaamua kumuua. Basi.

Mtu atanikatiza hapa: hilo si roboti, ni lori, na lina dereva. Kweli, dereva yupo. Tunaona mkono ukitoka dirishani, tunaona buti zake. Uso hatuuoni kamwe, na baada ya nusu saa hakuna anayeutafuta tena, kwa kuwa tumeshakubali kwamba anayekusudia kuua ni lile lori lenyewe, lenye pua ndefu, masizi na kutu. Mbele yake zimening'inizwa namba za magari za majimbo mbalimbali, na hakuna mhusika anayetuambia ni za nini. Hakuna haja. Sijui kama kuna njia rahisi zaidi ya kuonesha kwamba wengine walishakufa kabla filamu haijaanza: vipande vya bati na skrubu.

Angalia pia kilichookolewa. Hakuna aliyelazimika kuunda mnyama, kushona vazi, wala kumpaka mtu rangi kwa muda wa saa nne kila alfajiri. Mashine ilikuwepo tayari, ilitakiwa kuchaguliwa tu. Kisha kamera ikateremshwa chini karibu na lami, magurudumu yakajaa kwenye picha, na tani kadhaa za chuma zikaanza kukimbia kuliko zinavyokimbia kweli. Mwishoni lori linapotumbukia bondeni linatoa mngurumo wa mnyama anayekata roho. Spielberg aliurudia mlio huohuo miaka minne baadaye, papa wa Jaws alipozama. Kwake walikuwa ndugu.

Miaka miwili baada ya Duel, mwandishi Michael Crichton alipewa na studio ya MGM kiasi cha dola milioni 1.25 hivi atengeneze Westworld. Matajiri wanalipia likizo kwenye bustani ya starehe, wanapigana bastola na roboti zilizovaa kama watu wa zamani, halafu roboti zinaharibika. Nusu ya kwanza inajikokota, sitaificha. Lakini kuna mwigizaji Yul Brynner amevaa nguo nyeusi, roboti ya mpiga bastola, na kuanzia anapoamua kumfuata mgeni mmoja filamu inakuwa kitu kingine kabisa. Hakimbii. Anatembea. Mgeni anapanda farasi, anakimbia, anaanguka, anahema, na yule anatembea tu. Kutembea hakugharimu kitu.

Pale ambapo Crichton alitumia pesa, alizitumia kwenye macho. Tunapewa kuona kama roboti inavyoona: picha imevunjwavunjwa kuwa vijimraba vya rangi, na binadamu ni doa la joto linalosogea. Ilikuwa mara ya kwanza kwa filamu ndefu ya sinema kutumia picha zilizochakatwa na kompyuta kwa namna hiyo. Zote zikijumlishwa ni dakika chache tu. Lakini tangu hapo karibu kila mashine muuaji imepewa dirisha lake la kuonea, na sababu ni wazi: ukiwa nyuma ya macho ya mashine huhitaji kuionesha mashine yenyewe. Unafunika kamera na kioo chekundu, unaongeza maandishi pembeni, umepata roboti.

Sasa tuje kwa mkubwa wao. Kuna watu wanaosahau kwamba The Terminator ilikuwa filamu ndogo. Wanakumbuka zilizofuata, bango, miwani meusi, na mwigizaji aliyekuja kuwa gavana. Ilipotoka Oktoba 1984 ilikuwa imegharimu takribani dola milioni 6.4, pesa ndogo kwa Hollywood hata siku hizo. James Cameron alikuwa ametokea kwenye karakana ya Roger Corman, yule mtayarishaji wa filamu za harakaharaka, ambako aliunda vyombo vya anga vya bandia kwa ajili ya Battle Beyond the Stars. Kisa cha roboti kilimjia akiwa mgonjwa Roma, homa imempanda, akaota kiunzi cha chuma kikijiburuta kutoka kwenye moto. Haki za muswada alimuuzia mtayarishaji Gale Anne Hurd kwa dola 1, kwa sharti kwamba aongoze mwenyewe.

Ukiusoma ule muswada kwa jicho la mhasibu utacheka kwa furaha. Kuna vita vya siku zijazo kati ya binadamu na mashine, jambo ambalo lingemfilisi mtu. Basi vita tunaviona kwa vipande vifupi, gizani, kwenye kifusi. Vita vyenyewe vinaletwa Los Angeles ya mwaka uleule wa 1984, mji ambao tayari umejengwa, una magari, una vichochoro na taa za barabarani. Anayesafiri kutoka siku zijazo anafika uchi kwa sababu mtambo haupitishi kitu kisicho na nyama hai. Unaona ujanja? Sharti moja la kubuni limefuta bajeti nzima ya silaha na mavazi ya siku zijazo. Na kwa kuwa roboti imevishwa nyama, kwa muda mrefu vazi la roboti ni ngozi ya Arnold Schwarzenegger, ambayo alikuja nayo mwenyewe.

Yeye anasema sentensi chache mno filamu nzima. Kazi yake iko kwenye shingo na macho. Mtazame akiwa ndani ya gari akitafuta mtu: macho yanageuka kwanza, kichwa kinafuata baadaye, kwa kasi ileile, kama kamera ya ulinzi. Akifyatua risasi uso haushtuki. Hayo ni mazoezi, si teknolojia.

Kuna kitu ninachokipenda zaidi ya vyote, nacho ni kitabu cha simu. Mashine imetumwa kumuua mwanamke aitwaye Sarah Connor, na inachojua ni jina na mji. Inafungua kitabu cha simu, inakuta akina Sarah Connor watatu, inaanza na wa kwanza kwenye orodha. Mwandishi mwingine angeipa rada, chipu, setilaiti. Cameron aliipa alfabeti. Hapo ndipo mgongo wangu husisimka, kwa kuwa hivyo ndivyo mashine zinavyofanya kazi kweli: haijui nani ni nani, haikukosei heshima, imefika tu kwenye mstari wako.

Si kila kitu kimeshika. Kile kipande ambapo inajikarabati jicho mbele ya kioo kinatumia kichwa cha bandia, na mpira unaonekana mpira. Nilishakisamehe. Kiunzi cha chuma kinapotoka kwenye moto wa lori la mafuta (na lori lenyewe lililolipuka lilikuwa mfano mdogo), kinachotembea mbele yetu ni vitu viwili tofauti: kikaragosi kikubwa kilichoundwa na Stan Winston na wenzake kwa ajili ya picha za karibu, na sanamu ndogo iliyosogezwa fremu kwa fremu kwa ajili ya picha za mwili mzima. Ile sanamu inatikisika. Mwendo wake una mkatomkato. Watazamaji wa leo hucheka hapo, nami huwauliza: ulitaka itembeeje? Imeungua, mguu umeumia, inachechemea. Mashine iliyovunjika ina haki ya kutembea kwa mikato. Udhaifu wa mbinu umeangukia mahali pale ambapo kisa kilihitaji udhaifu.

Muziki nao una mkono wake. Brad Fiedel aliutengeneza kwa sintesaiza, na ule mgongano wa chuma unaosikika mwanzoni ulitokana na kugonga kikaango. Mdundo wake ni wa mapigo 13, idadi ambayo mguu wako unashindwa kuifuata. Kila ukidhani umeshika, umebaki nyuma kidogo. Baadhi ya picha za barabarani zilipigwa bila kibali, watu wanashuka kwenye gari, wanarekodi, wanaondoka kabla hawajaulizwa. Hesabu zilipofungwa, filamu ilikuwa imeingiza takribani dola milioni 78 duniani.

Mwishoni mwa filamu hiyo kuna mstari wa kuzitambua kazi za mwandishi Harlan Ellison, uliowekwa baada ya mvutano wa kisheria. Nautaja kwa sababu filamu inayofuata ilipatwa na mkasa unaofanana. Hardware ya Richard Stanley, iliyotoka mwaka 1990, nayo ililazimika baadaye kutaja kisa kifupi cha katuni cha Steve MacManus na Kevin O'Neill, watu wa jarida la Uingereza la 2000 AD. Sidhani hayo ni bahati mbaya tu. Visa vya mashine muuaji ni vifupi mno, mifupa mitupu, kiasi kwamba watu wawili wakiandika kila mmoja chumbani kwake wana uwezekano mkubwa wa kukutana. Kilicho chako ni chumba unachoiwekea hiyo mashine. Sisemi kwamba mahakama zitanikubalia.

Na chumba cha Hardware ni chumba kweli. Dunia imeharibika, jangwa ni jekundu, mwanamume ananunua kichwa cha roboti na vipande vyake kutoka kwa mwokota vyuma na kumpelekea mpenzi wake Jill, mchongaji anayetengeneza sanaa kwa taka za chuma. Jill anakipaka kichwa rangi za bendera ya Marekani, anakigandisha kwenye sanamu yake, anaendelea na maisha. Usiku roboti inajiunga upya. Inatumia nini? Vitu vya humohumo ndani: vifaa vya karakana, waya, vyuma vya sanamu. Kuanzia hapo hatutoki kwenye ile nyumba isipokuwa kwa dakika za kuhesabika.

Stanley, mzaliwa wa Afrika Kusini, hakuwa na pesa hata za kumfikia Cameron. Roboti yake iitwayo M.A.R.K. 13 haiwezi kutembea vizuri, na hilo lingekuwa aibu kama angeionesha kwenye mwanga. Haoneshi. Kila kitu ni chekundu na cheusi, moshi umejaa, mapazia ya madirisha yanafunga na kufungua. Unaona msumeno, unaona jicho, unaona waya ukijikunja kwenye kona ya dari. Kichwani mwako unaiunganisha mashine mwenyewe, na ile unayoiunganisha wewe haina kasoro. Jina lake linarejelea Injili ya Marko, sura ya 13, ile aya isemayo kwamba kama Bwana asingalizikatiza siku hizo, asingeokoka mtu yeyote. Stanley aliitia nguvu aya hiyo kuliko mhubiri.

Ina makosa: jirani mchafu anayechungulia amepewa muda mwingi kuliko alivyostahili, na dakika za mwisho zinarudia mapambano ambayo tulidhani yameisha. Lakini Jill si mtu wa kupiga kelele na kungoja kuokolewa. Anaijua nyumba yake. Anajua friji iko wapi, na silaha yake ya mwisho ni bomba la maji ya kuogea. Steringi hafi, ndiyo, ila hapa steringi tuliyemdhani ni mwanamume mwenye mkono wa chuma, naye tulimhesabia vibaya.

Nisiwafiche pia upande wa pili, maana si kila umaskini ni neema. Chopping Mall ya Jim Wynorski, ya mwaka 1986, ilitayarishwa na Julie Corman, mke wa yule Roger, na ilipigwa usiku kwenye jumba la maduka la Sherman Oaks Galleria huko Los Angeles baada ya wateja kuondoka. Roboti tatu za ulinzi, radi inapiga mtambo, vijana wamejificha dukani, kazi inaanza. Naipenda kama unavyompenda binamu asiyesikia la mtu, lakini haitishi hata chembe. Roboti zake ni fupi, zinaserereka juu ya sakafu, zinarusha miale, na zikishaua zinakutakia siku njema. Tatizo si bei. Tatizo ni kwamba tunaziona mno, katika mwanga wa duka, dakika chache tu baada ya filamu kuanza, zikiwa zimetambulishwa kwa hotuba. Mashine ikishatambulishwa kwa hotuba ni bidhaa. Wynorski alijua hilo, akaamua tucheke, na tunacheka.

Ninapowasikia watu wakisema kwamba teknolojia ya kompyuta ndiyo iliyoziua filamu hizi, sikubali moja kwa moja. Mwendelezo wa The Terminator wa mwaka 1991 uligharimu karibu dola milioni 100, na zile picha za roboti ya chuma cha maji zilizotengenezwa kwa kompyuta ni dakika chache ndani ya filamu ya zaidi ya saa mbili. Ziliwekwa kwa uchoyo. Mwili wa filamu ile bado ni malori halisi, ukuta halisi, na mtu anayekimbia mdomo umefungwa. Kilichokuja kuniudhi ni pesa zilizofuata baadaye, pale roboti zilipoanza kuruka kama panzi na kutupwa majengo matano mbali bila ardhi kutikisika. Chuma kina uzito. Kikianguka, kitu lazima kipinde. Mtazamaji anaweza asijue kanuni yoyote ya fizikia, lakini nyonga yake inajua sanduku zito likoje. Ukimdanganya hapo, hofu imekwisha, na hakuna kelele ya spika itakayoirudisha.

Na jambo jingine: pesa huipa mashine mazungumzo. Studio ikishatoa mamilioni inataka kuelewa kwa nini roboti inaua, na roboti inaketi na kueleza. Binadamu ni virusi, dunia ingekuwa bora bila nyinyi, na kadhalika. Ikifika hapo mimi huenda kuchemsha maji.

Ndiyo maana nilifurahi na Upgrade ya Leigh Whannell, ya mwaka 2018. Dola milioni 3, kwa nyakati zetu, ni pesa ya posho. Ilipigwa Melbourne. Mwanamume aliyepooza anawekewa chipu iitwayo STEM inayoweza kuuendesha mwili wake, na kwa hiyo mashine muuaji ni mwili wa mwigizaji Logan Marshall-Green mwenyewe. Turudi kwenye ngozi ya Schwarzenegger: vazi lililokuja na mtu. Ila hapa uso unapingana na mikono. Mikono inapigana kwa ufasaha wa kutisha, uso unaomba radhi kwa anayepigwa. Na ile kamera! Walimfunga mwigizaji simu mwilini, kamera ikafungamanishwa na mwendo wa simu hiyo, kwa hiyo akiinuka ghafla kutoka sakafuni picha nzima inainuka naye, imemganda, na chumba ndicho kinachozunguka. Simu ya mfukoni na kamba. Sijaona mapigano ya kiroboti yaliyonishawishi zaidi tangu hapo, zikiwemo filamu zilizolipia zaidi ya hiyo kwa ajili ya chakula cha wafanyakazi.

Huwa najiuliza ningetengeneza nini nikipewa pesa kidogo na usiku wa kutosha. Nadhani ningechagua vile vibebeo bapa vya kwenye maghala makubwa, vinavyojiendesha vyenyewe, vinavyoingia chini ya rafu na kuinyanyua. Havina uso. Havifiki hata magotini. Vina kazi moja, kuleta rafu inayotakiwa mahali inapotakiwa, na kuondoa kilichoziba njia. Visingehitaji kuasi wala kupigwa na radi. Ingetosha mtu fulani ofisini abadilishe tafsiri ya kilichoziba njia. Sauti ningeirekodi kwanza kabla ya picha yoyote: magurudumu madogo juu ya zege, mbali, kisha kimya, kisha karibu. Taa za ghala zinazojiwasha zenyewe kila kitu kinaposogea zingenifanyia kazi ya mtu wa taa. Na steringi angekuwa mlinzi wa zamu ya usiku mwenye goti bovu, kwa kuwa vibebeo hivyo havipandi ngazi, na haifai kumpa nafuu hiyo mapema.